Kiti Alichokikataa Baba

Baba ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha viti vya plastiki. Kila kiti hukikalia, hukitikisa, na chenye ufa hukitia alama nyekundu. Vizima vinaenda madukani. Vibovu hugawiwa wafanyakazi badala ya nyongeza ya mshahara, na eti tushukuru! Nyumba yetu imejaa alama nyekundu.

Jana bibi, mama yake baba, alikaa tu, mguu wa kiti ukakatika. Akavunjika nyonga.

“Si wewe ndiye mkaguzi?” mama alimfokea baba. “Hiki ulikipitishaje?”

Baba aliokota kile kipande.

“Nilikikataa, mke wangu. Ndiyo maana kiko kwetu.”