Dafu la Mjomba Athumani

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikaribishwa dafu.

Nilikuwa msichana hapa Malindi, fundi wa kompyuta. Tulikuwa vijana wachache tukitengeneza Linux yetu ya Kiswahili, ile programu ya bure inayoendesha kompyuta nzima. Tuliitoa kwa mikondo mitatu: uliokomaa, uliokuwa ukijaribiwa, na ule ulioandikwa jana tu, ambao hata sisi wenyewe tuliuogopa. Ikabidi ipewe majina. Wenzangu walitaka nambari. Mimi nikaona nambari hazina ladha, nikasema tuiite kwa umri wa nazi: mchanga uwe Kidaka, wa majaribio Dafu, uliokomaa Nazi. Nani wa pwani asiyejua kwamba nazi ndiyo iliyopevuka? Nikapigiwa makofi, kichwa kikavimba. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini siku ile hakuna aliyenikumbusha.

Mjomba wangu Athumani alikuwa na duka la kuchapisha kadi. Nikamwachia mikondo yote mitatu achague mmoja na kuuweka mwenyewe, nikaenda zangu. Wiki ile alikuwa na kadi za harusi ya binti wa Bi Zuhura, mama mmoja wa Mambrui ambaye hata shikamoo huipokea huku akikukagua. Na harusi za kwetu unazijua: asiyealikwa hasahau, hata wajukuu huwarithisha kinyongo.

Siku ya kuchukua kadi nikaitwa mbio. Kompyuta imeganda, mashine yatema karatasi nyeupe, Mjomba jasho lamtiririka.

"Mjomba, uliweka upi?"

"Dafu."

"Kwa nini si Nazi?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwana wa dada yangu, joto lote hili! Nani awekewaye dafu na nazi, akachukua nazi?"

Bi Zuhura alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mwanangu aolewa Ijumaa, nanyi mwanihesabia minazi?" Akanishika mkono. "Basi wewe ndiwe kadi. Twende."

Nikawa kadi. Nyumba kwa nyumba, Malindi hadi kijiji cha Ganda, nikialika kwa mdomo na kueleza kwa nini kadi hazipo. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Na kila nyumba, wakishacheka, walinikaribisha. Dafu! Kukataa ni utovu wa adabu, na Bi Zuhura alinikodolea macho hadi tone la mwisho. Kufika Ganda nilikuwa natembea kama mja mzito.

Alhamdulillahi, harusi ilijaa. Nami nikarudi kwa wenzangu tukabadilisha majina: Kazi, Majaribio, na Utajuta. Mjomba akachagua Kazi bila kuuliza.

"Na hii Utajuta ni ya nani?"

"Yangu, Mjomba."

"Yakufaa," akasema.

Mwanangu, jina la kitu si pambo la aliyekitengeneza. Ni ahadi kwa atakayekitumia wewe ukiwa hupo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kabla hujatundika jina, muulize atakayelisoma amefahamu nini, usije ukapita mitaani kulieleza kwa miguu. Mola akujaalie kazi inayolingana na jina lake, na jamaa wa kukuambia pale isipolingana. Na siku ukija kunitazama, karibu sana. Nitakupa chai.