Nishani ya Mama Nkandu

Mama Nkandu hakuwa na baba wala mama, hakubatizwa, na hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Hata hivyo, katika Élisabethville ya mwaka 1954 hapakuwa na mwanamke mweusi aliyejulikana kumzidi. Alikuwa sauti tu. Kila Jumamosi jioni vipaza-sauti vilivyofungwa juu ya nguzo za cité, mtaa wa weusi, vilikohoa, vikatoa muziki kidogo, kisha vikamwaga mchezo wa dakika kumi: Mama Nkandu anagombana na mumewe. Bukari, ugali wa huko, iliungulia kwenye vyungu kwa ajili yake. Wanaume waliochapwa na wake zao asubuhi walicheka jioni hadi wakashika mbavu.

Sauti hiyo ilitoka kooni mwa Léonard Kunda, karani wa mizigo kwenye stesheni, mtu mwenye masharubu mazito. Hakuna mume wa cité ambaye angekubali mkewe ajifungie na wanaume katika chumba cha redio, basi Léonard alibana koo na kuwa mwanamke, na rafiki yake Stanislas, fundi cherehani, akawa mume wa kutukanwa; majina yao hayakutajwa redioni.

Sauti ilikuwa ya Léonard, lakini maneno yalikuwa ya Honorine, mke wake.

Honorine alizaliwa Kipushi, katika kambi ya wachimbaji, mahali ambapo nyumba ishirini zilichota maji kwenye bomba moja na mtoto wa kike alijua kutukana kwa ufasaha kabla hajajua kusuka nywele. Masista wa misheni wakamnyoosha: mbele za watu, mdomo ufungwe. Akaufunga kweli. Kanisani alikuwa kimya, sokoni kimya, na katika foyer, ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona na kupanga uma na visu, alikuwa kimya mpaka wakamfanya mfano kwa wengine. Ni nyumbani tu, mlango ukishafungwa, ndipo kipaji chake kilipofunguka, na msikilizaji alikuwa mmoja.

Msikilizaji huyo alikuwa mwizi. Nasema wazi, sina sababu ya kumvisha kilemba cha ukoka. Kila Jumatano Léonard alirudi kutoka kazini, akapanda kitandani na viatu vyenye tope, akajikinga na gazeti. Honorine alipoanza, penseli nayo ilianza pembeni mwa habari za bei ya shaba. Miaka miwili mama wa watu alidhani mumewe anapenda sana kusoma.

Aligundua kwenye bomba la maji. Kwa kawaida Jumamosi jioni alikuwa kwenye ibada ya rozari, lakini siku hiyo padri aliugua, naye akaenda kuchota maji. Juu ya kichwa chake nguzo ikapiga kelele: "We mwanaume, miguu yako inanuka mpaka panya bote balihamia Naviundu! Ukikufa leo, kaburi itaomba bakutume ku stesheni ingine!"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko, ndoo zikafurika. Honorine aliganda. Maneno yale aliyasema Jumatano, kati ya kabati na kitanda, tena akiwa na hasira ya kweli.

Jirani yake Mwape alifuta machozi, akamgusa bega kwa huruma. "Mama Edith, usikilizake huyu Mama Nkandu. Weye unabakia paka kimya, kimya tu, bwana anakuonea. Utajifunza kusema kidogo."

Mtu akiibiwa kuku, angalau majirani humpa pole. Huyu aliibiwa, kisha akashauriwa aende kwa mwizi kujifunza kufuga.

Léonard aliporudi alimkuta amekaa mezani.

"Baba Edith, maneno ya leo mu redio, ulitoa wapi?"

"Ku kichwa."

"Ku kichwa ya nani?"

Léonard akatazama masharubu yake kwenye kioo, kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Ile ni teyatre, muchezo tu, Mama Edith."

"Bon. Sema mbele ya bantu: haya maneno ni ya bibi yangu. Mara moja tu, inatosha."

"Banaume ya stesheni batanicheka mpaka siku ya kufa!"

Honorine aliondoka mezani. Alifunga mdomo nyumbani pia, na hiyo ndiyo ikawa adhabu. Léonard aliacha viatu kitandani, mkewe akavipangusa. Léonard akamwaga maji kwenye unga makusudi, apate tusi. Mkewe akatabasamu na kuuanika. Jumatano gazeti lilibaki safi kama lilivyotoka kiwandani.

Na balaa haliji peke yake. Jumatatu ya wiki hiyohiyo ilikuja redioni barua ya nishani.

Kulikuwa na kamati ya mabibi wa kizungu waliozunguka cité kukagua nyumba za weusi. Mwenyekiti, Madame Lambrechts, alihesabu vijiko, ndiyo maana watu walimwita Madame Kijiko. Kila Jumamosi alimsikia mpishi wake Anaclet akicheka jikoni mbele ya redio, na kila mara alimuuliza huyo mama anasema nini. Anaclet alikuwa na watoto saba na kazi moja. Angewezaje kumwambia Madame habari za miguu na makaburi? Alisema: "Anafundisha mabwana kuosha miguu na sabuni, Madame. Na namna ya kufukuza panya." Wiki iliyofuata Mama Nkandu alimwita mumewe mbuzi wa mkopo, na Anaclet akaeleza faida za maziwa. Kwa miaka miwili Madame Kijiko alipokea mafunzo mazuri ya usafi, mpaka akaishawishi kamati nzima: nishani ya mwaka, ya Mama Bora wa Nyumba, apewe Mama Nkandu kwa mchezo wake wa redio.

Kanuni ilitaka mshindi awe mwanamke aliyefunga ndoa kanisani. Bwana Delvoie, mkuu wa redio, alijua vizuri kwamba Mama Nkandu ananyoa kidevu kila asubuhi, lakini Madame alipouliza kama mama huyo atakuja, alijibu kama kila mtu alivyomjibu Madame: "Atakuja." Kisha akamwita Léonard. "Mulete bibi yako."

"Nitaenda," Honorine alisema. "Utasema?"

"Nitasema, Mama Edith. Haki ya Mungu."

Ahadi ya mtu aliyebanwa ni rahisi kama ya mlevi, naye Honorine alilijua hilo. Alivaa kikwembe kipya, akaenda.

Jumapili baada ya misa ya pili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mabibi wa kamati walikaa mbele na kofia zao. Nyuma ya jukwaa palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alijificha Léonard na gazeti lake, tayari kutoa sauti kama ikihitajika. Honorine aliitwa. Madame Kijiko alishika nishani kwa vidole viwili, akamwomba Mama Nkandu aseme neno. Anaclet alisimama kando kutafsiri, akitokwa jasho.

Honorine akasogea kwenye mikrofoni. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alifungua mdomo wake mwenyewe mbele za watu. "Bantu ya cité, miye mwenyewe njo namwambiaka ule mwanaume: miguu yako inanuka mpaka panya bote balihamia Naviundu."

Watu waliinua shingo kumtazama. Kisha mtu akapaza sauti kutoka dirishani: "Haiko yeye!"

"Anamuiga tu!" akasema mwingine. "Tena anaiga mubaya!"

Mwape alisimama kwenye kiti. "Ule ni Mama Edith! Hajuiake kusema!"

Kofia za kamati zikaanza kugeukiana. Madame Kijiko akairudisha nishani kifuani pake. Hapo ndipo sauti ya Mama Nkandu ilipolipuka nyuma ya pazia: "Mulinizoea mu redio, leo munaona sura, munaanza kutetemeka?" Ukumbi ukapiga mayowe ya furaha. Honorine alijifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, kama mama mwenye haya, na hakuna aliyejua kama midomo yake inatembea au imelala.

Lakini ile ilikuwa sentensi ya mwisho ya Léonard. Gazeti lilikuwa tupu.

"Mama Edith," pazia likanong'ona, "nipe maneno. Nakusihi."

Akampa. Honorine alinong'ona ndani ya kitambaa, Léonard akapaza nyuma ya pazia kwa sauti ya mwanamke, na watu wakaanguka mmoja juu ya mwingine. Alitukana wanaume wa stesheni, alitukana bei ya chumvi, aliwatukana wanaohesabu vijiko vya watu ilhali kitoweo hawakukileta. Anaclet alitafsiri: sabuni, sabuni, na umuhimu wa chumvi. Yule mama aliyekosa kufanana na nafsi yake sasa alishangiliwa kwa maneno yake, kinywani mwa mtu mwingine, huku yeye amesimama palepale.

Kisha akanong'ona: "Miye ni Léonard Kunda. Maneno yote ya Mama Nkandu ni ya bibi yangu Honorine. Miye naiba tu."

Pazia likanyamaza.

Ukumbi ulingoja. Stanislas, katika safu ya tatu, alifunga macho. Moyo wa Honorine ulipiga hadi akadhani mikrofoni inausikia. Hakurudia. Hakugeuka. Alitaka kulia, na alitaka kumpiga mtu kwa kiatu.

Pazia likafunguka. Léonard alitoka nje na masharubu yake, gazeti mkononi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, nzito: "Miye ni Léonard Kunda, karani ya stesheni. Maneno yote ya Mama Nkandu ni ya bibi yangu Honorine. Miye... miye naiba tu. Miaka mbili."

Loo! Ukumbi ulipasuka. Walisema hakujawahi kuwa na mchezo mtamu kama huo: mwanaume anakiri kuiba maneno ya mkewe! Wengine walitolewa nje wapepewe. Mwape alilia kwa kucheka, akapiga kelele, "Ati Mama Edith! Ati Mama Edith!" Anaclet alimwinamia Madame: "Bwana anamshukuru bibi kwa sabuni." Madame Kijiko, naye machozi yakimtoka, akambandika Honorine nishani kifuani.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado kali, watoto wakiwafuata wakiimba Mama Nkandu, Mama Nkandu. Léonard alikuwa amelowa kama aliyenyeshewa.

"Nilisema, Mama Edith."

"Nilisikia."

"Lakini hakuna mwenye alisadiki. Hata mumoja."

Honorine aliifungua nishani kifuani, maana ilikuwa inamchoma, akamkabidhi aibebe.

"Bale sikubauliza," alisema. "Niliuliza paka weye tu."