Shaba ya Dada Buthaina

Tangu utotoni dada yangu Buthaina ana ukaidi wa kumtoa mtu roho. Mama akimtuma chumvi dukani, aliionja kwanza asije akaleta sukari. Leo anafundisha fizikia chuoni, anakaa Al Khoudh, na kazi yake ni kutunga mahesabu ya kompyuta ya metali zisizofuata desturi.

Alinieleza mimi, muuza viyoyozi, nikaelewa. Katika metali ya kawaida, elektroni zinazobeba umeme hubeba na joto, kwa uwiano unaojulikana. Katika metali zake, elektroni zimesongamana na kusukumana hata uwiano huo unavunjika: umeme unapita, joto linabaki nyuma. Kwa nini? Ndilo swali lake la miaka kumi na moja. Na kila programu ikibadilishwa, huijaribu kwanza kwa shaba, ambayo jibu lake linajulikana na kila mwanafizikia.

Mwaka jana alikuwa akingojea uprofesa. Mwanafunzi wake, Ibtihal, akairekebisha programu, matokeo yakaja mazuri ajabu, makala ikachapishwa, na sisi nyumbani tukaanza kumwita profesa kabla ya wakati. Kwa haraka zile, shaba haikujaribiwa. Buthaina alipokuja kuijaribu, wiki moja kabla ya kamati ya uprofesa kukaa, hata shaba nayo ikatoka ya ajabu. Basi makala nzima ilikuwa batili.

Wakati ule hakuna aliyejua ila yeye. Siku ile ile akaliandikia jarida liiondoe makala: kosa ni langu. Uprofesa ukampita. Nilimwambia angeweza kusubiri siku saba tu, kisha nikamnunia.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa kwa mama, Al Hail, akaja Ibtihal, macho mekundu. Akamwambia mama, "Bibi, mstari uliokosewa ni wangu mie, nimeuona mwenyewe. Doktora Buthaina kajibebesha yeye, jina langu hakulitaja. Na mwezi ujao natetea tasnifu yangu."

Mama akamgeukia Buthaina, aliyekuwa akitoka jikoni na sinia la wali. "Mbona hukutwambia, mwanangu?"

"Ye kakosea mstari, mama. Kuukagua ilikuwa kazi yangu." Akaweka sinia chini. "Njoo ule, Ibtihal."

Nilisogea kumpisha mgeni mahali pa kukaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimnunie, nikamtazama dada yangu usoni, na nikaona haya.