Nilimwambia Mama Ni Paka

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa neno moja tu, na tangu hapo nnajionea kinyaa. Jina langu silitaji. Maskati ni kubwa kwa barabara tu, lakini sisi wenye asili ya Unguja tunajuana wote.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nnafanya kazi ofisini, nyumba yangu iko Ansab. Nilikuwa nnakaa na Mama. Baba keshatangulia mbele ya haki, na kaka yangu anakaa Sib na familia yake.

Joto la huku unalijua. Miezi ile mtu hatoki, ni kutoka kiyoyozi cha gari kuingia kiyoyozi cha nyumba. Ndipo nilipoanza kuangalia wanyama wa nchi za baridi kwenye simu. Dubu weupe, sili, bundi wa theluji. Nikajiunga na kikundi cha watu wanaopenda wanyama wa porini. Wengine wanapanda majabali kuangalia ndege, wengine wanakwenda pwani kupiga picha kasa. Mimi moyo wangu ulikwama kwa mbweha mweupe wa barafuni.

Kuangalia kungetosha. Lakini nafsi, mwenzangu, ukiilegezea kamba imekwenda. Nikasikia kuna mtu Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, anauza wanyama kwa siri. Bei siisemi, nnaona haya. Nikarudi na mbweha ndani ya sanduku, mweupe pe, mdogo, masikio mafupi, kajikunja na mkia wake.

Njiani ndipo nilipomkumbuka Mama. Mama ni mtu wa msala na tasbihi. Mbwa akipita upande wa pili wa njia, yeye huku anakunja buibui lake. Na mbweha, kwa sikio la Mama, ni mbwa alieongezwa herufi tu. Lakini macho yake yana mtoto wa jicho, anaona rangi na vivuli. Nikaipiga hesabu yangu chafu kabla sijafika nyumbani.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Paka, Mama. Paka wa Urusi, wa nchi za baridi."

"Maskini. Basi mtie kwenye ubaridi, asije akafa na joto letu hili."

Khalas. Majlisi, chumba chetu cha wageni, ikawa ya mnyama, kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana. Na Mama, ambae baridi inamuumiza magoti, akahamia humo humo na blanketi lake, kwa sababu alimpenda. Akamwita Pamba. Akawa anamlisha kwa mkono wake, na yule anamlamba vidole. Mama anafuta vidole kwa kanga, anasimama kusali.

Na mimi nnaangalia. Hilo ndilo linalonitapisha mpaka leo. Kwa imani yangu ya siku zile mate yale yalikuwa najisi sawa na ya mbwa, na nilimuona mama yangu anasali nayo, nikaenda zangu jikoni kuchemsha chai.

Nyumba ikaanza kunuka. Mkojo wa mbweha hauna mfano, unaingia kwenye pazia, unaingia kwenye zulia, unaukuta mpaka kwenye wali. Nikawa nnafukiza udi asubuhi na jioni. Udi na mkojo vikichanganyika ni bora mkojo peke yake.

Siku moja Mama kaegemea takia, akahisi majimaji mgongoni. Nikalinyanyua takia. Vichwa vya kuku, vimeoza, vina funza. Mbweha huficha akiba ya chakula, nilishalijua hilo kwenye simu yangu. Mama akacheka. "Paka wako mchoyo huyu," akasema. Nikaifua kanzu yake, nikatapika kwenye sinki, na bado sikusema.

Halafu akaja Bi Zuwena kutoka Matrah, shoga yake Mama tangu utoto wao Unguja. Macho yake mazima. Akamtazama mnyama, akanitazama mimi.

"Mwenzangu, paka huyu mbona pua yake ya mbwa?"

Mama akaja juu. "Wanangu mimi hawanidanganyi. Kasema paka, ni paka."

Nnalo birika la kahawa mkononi, wote wawili wananingoja mimi. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na mbele ya shahidi. Nikasema, "Ni paka, Bi Zuwena. Wa kizungu ndivyo walivyo."

Ikaadhiniwa alasiri. Mama akasimama kwenye msala, akatia takbiri, na mnyama akabweka. Tangu nimlete sijamsikia kubweka. Akabweka tena, na tena, kile kibweko ambacho hata kiziwi asingekiita nyau.

Mama akaivunja sala. Maisha yangu yote sijapata kumuona akivunja sala. Hakumgeukia mnyama, alinigeukia mimi.

"Mnyama gani huyu?"

"Mbweha, Mama."

"Umejua lini?"

"Tangu siku niliomleta."

Hakupiga kelele. Alimwomba Bi Zuwena amletee udongo wa bustanini, akaanza kuosha kama inavyooshwa najisi ya mbwa. Mikono, kanga, vikombe, msala. Akaosha mpaka ngozi ya vidole ikawa nyekundu. Nikasogea kumsaidia. "Usiniguse," akasema. Kaka yangu akaja kumchukua jioni ile ile.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulipofika. Kaka alimuuliza sheikh wa msikiti wao, akanipigia simu kunipa jibu. Mbweha si mbwa, na hukumu yake si ya mbwa. Sala za Mama zote ziko sawa, asirudie hata moja. Unanielewa? Ningelisema jina lake tu siku ile ya mwanzo, Mama angeliuliza, angelijibiwa, na mnyama angelikaa ndani kwa ridhaa yake. Uongo wote ule, uoza wote ule, haukuwa na kazi yoyote.

Nikadhani basi yamekwisha. Nikafua mazulia, nikabadilisha mapazia, nikamwomba Mama arudi. Hakurudi. Mbweha nnae, yuko majlisi, analala kwenye blanketi aliloliacha Mama. Nikimtazama roho inanichafuka, na kosa si lake.

Wewe unaesoma, ukipenda wanyama wa theluji waangalie kwenye simu yako, wana kwao. Na kama unae mzee asieona, anaekula unachompa na kuamini unachomwambia, mwambie kitu kwa jina lake, hata kama unajua atakataa. Kukataliwa kunapona.

Nimeandika haya kwa sababu ya Ijumaa iliyopita. Mama alikuja na kaka kula kwangu. Nimepika biriani. Alikaa barazani, akatoa kwenye mkoba chupa yake ya maji na bakuli lake la chakula kutoka Sib.

Nikamwambia, "Mama, sheikh si kashasema mnyama hana najisi?"

Akafungua bakuli, akasema bismillahi.

"Nani kakwambia nnamkimbia mnyama?"