Alama za Mke wa Verlin

Katika mji wa Ottumwa, jimbo la Iowa, hakuna seremala aliyemzidi Verlin Stoddard kwa kupima paa kwa macho. Alikuwa akisimama uani na kikombe cha kahawa mkononi, anafumba jicho moja, anasema, "Futi kumi na nne na inchi tatu," na vijana wake wakipanda na futi kamba wanakuta ni kumi na nne na tatu kweli. Sifa hiyo aliizoea kama mtu anavyozoea kofia yake. Mkewe, Twyla, alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na kila mumewe aliposifiwa mbele yake alitabasamu na kutia chumvi: "Bado hamjamwona akichonga ngazi!"

Kisha siku moja ya mvua Verlin akateleza kwenye paa la ghala la mahindi. Uti wa mgongo ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini daktari alimwambia mapaa sasa atakuwa anayaangalia tu. Njia iliyobaki ilikuwa kusomea ukaguzi wa majengo kwenye chuo cha jamii, na mlango wa masomo hayo ulikuwa mmoja: aljebra ya mwanzo. Verlin alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Shule aliiacha akiwa na kumi na sita. Aliyekuwa akitembea juu ya boriti kama paka, sasa aliogopa chumba chenye madawati.

"Twende wote," alimwambia Twyla wakila.

"Mimi? Nikafanye nini huko?"

"Ukae tu karibu yangu. Nisionekane babu peke yangu."

"Basi tutakuwa babu na bibi," Twyla akacheka, na Jumatatu iliyofuata akajiandikisha.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe Verlin aliyempeleka mkewe darasani. Jambo hilo baadaye lilimtafuna kuliko yote.

Kipindi kilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, Twyla akishatoka jikoni. Mwalimu wao aliitwa Anselm Okerlund, mtu mrefu asiye na mke, sweta imechakaa viwikoni, na daima ana kalamu ya wino wa kijani. Wiki za kwanza zilikuwa za Verlin. Mwalimu akiandika swali, yeye anatupa jibu kabla chaki haijawekwa chini. Wanafunzi waligeuka kumtazama, na Verlin alijiegemeza kwenye kiti akajiona yuko uani na kahawa yake.

Zikaja namba hasi, yakaja mabano, ikaja x upande huu na x upande ule. Ukaja mtihani wa kwanza.

Swali la nne lilisema: 3(x − 4) = 2x + 5. Verlin aliandika 17, basi. Karatasi iliporudi alikuta amepewa alama tatu kati ya kumi. Akainua mkono.

"Mwalimu, hili jibu si sahihi?"

"Sahihi kabisa."

"Basi alama zangu saba ziko wapi?"

"Ziko kwenye hatua ambazo hukuzionyesha, Bwana Stoddard."

"Hatua nimezipiga kichwani."

"Na kichwani mwako mimi siingii," alisema Okerlund.

Darasa zima likaangua kicheko. Verlin angeweza kuwasamehe wote, lakini kwa pembe ya jicho alimwona Twyla naye amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Alitupia jicho karatasi ya mkewe. Tisini na nne. Yake yeye ilikuwa hamsini na nane.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomwingia. Mwanzoni hakukiita kwa jina lake. Alisema amechoka, alisema mgongo unamsumbua. Lakini kila Alhamisi donge liliongezeka. Twyla, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alizidisha na kugawa vipimo vya unga na maziwa kwa ajili ya watoto mia tatu, alikuwa amekuta lugha iliyokuwa ikimsubiri. Mwanamke mmoja aliyeitwa Soledad, mkata nyama kiwandani, alimwomba amweleze ile x. Twyla akamwambia, "Ni watoto wanaokuja kula. Hujui ni wangapi, lakini unajua kila mmoja anachukua maandazi mawili. Basi unapanga kazi hivyo hivyo, hesabu yao itajitokeza." Soledad akapiga meza: "Ala! Kumbe ndivyo!" Wiki iliyofuata walikuja watu wanne kwenye meza ya Twyla kabla ya kipindi, kisha saba. Verlin alisimama kwenye mashine ya kahawa mwisho wa ukumbi, akanywa kahawa mbaya polepole, akisikiliza watu wakimwita mkewe kwa jina kana kwamba ni wao waliomgundua.

Nyumbani alianza vijembe. "Profesa, chumvi iko wapi?" "Muulizeni Profesa, mimi sijui kitu." Twyla alicheka mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akaweka kichupa cha chumvi mbele yake.

Na jicho la wivu likishafumbuka halichagui. Verlin aliona kwamba siku za Jumanne Twyla huvaa hereni zake za buluu. Alikuwa akizivaa siku zote, au ni tangu chuo kianze? Alikaa miaka ishirini na tisa na mwanamke huyu na hakuweza kukumbuka. Jioni moja, Twyla akiwa bafuni, alifungua daftari lake. Kurasa zilikuwa safi, kila alama ya usawa imekaa chini ya mwenzake kama vigae vilivyopangwa na fundi. Pembeni mwa ukurasa mmoja, kwa wino wa kijani, paliandikwa: "Njia yako ni nzuri kuliko yangu. A.O."

Verlin aliyasoma maneno hayo mara tatu. Ingekuwa barua ya mapenzi angejua la kufanya: angepiga kelele, angepiga ngumi mlango. Lakini hapakuwa na mapenzi pale. Palikuwa na heshima ya fundi kwa fundi, ile aliyokuwa akipewa yeye.

Jumatano moja katikati ya Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshaanguka, Verlin alitoka kuoga akiwa peke yake nyumbani, akakuta taa ya mashine ya kurekodi ujumbe wa simu inawaka. Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya Okerlund. "Bi Stoddard, kituo cha kusaidia wanafunzi kinatafuta msaidizi wa hesabu kuanzia Januari. Nimelitaja jina lako kwa mkuu wa kituo, Bi Brandvold. Angependa kukuona Ijumaa saa tisa. Kama huji, tafadhali nijulishe, kwa sababu kuna wengine."

Mashine ikauliza: kuhifadhi, au kufuta?

Baadaye Verlin alipenda kusema kidole kilikwenda chenyewe. Si kweli. Alisimama pale muda wa kutosha maji ya birika kuchemka. Kisha akafuta. Na ili kazi isibaki nusu, Alhamisi alimwambia Twyla, "Kesho nipeleke kwa dada yangu Bloomfield. Saa nane hivi. Tangu nianguke sijamwona."

"Vizuri," Twyla akasema, akafurahi, maana ni yeye aliyekuwa akimsihi aende. Siku hiyo walikula pai ya maboga kwa wifi yake hadi saa kumi na moja. Twyla alicheza karata, akashinda, akaimba njia nzima wakirudi. Verlin alitazama mashamba ya mahindi yaliyovunwa.

Jumanne, kipindi kilipokwisha, Okerlund alisimama karibu na meza yao. "Tulikusubiri Ijumaa, Bi Stoddard. Si neno. Bi Brandvold amemchukua mwingine. Lakini ungeniambia tu."

"Mlinisubiri wapi?"

"Nilikuachia ujumbe kwenye simu. Jumatano, kama saa nne asubuhi."

Twyla akapiga hesabu. Jumatano saa nne asubuhi yeye huwa anakoroga mchuzi wa nyama kwenye sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea. Nyumbani anabaki mtu mmoja. Akakusanya daftari na kalamu zake, taratibu. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Mashine yetu imezeeka."

Waliingia kwenye pikapu, Twyla nyuma ya usukani. Hakuwasha injini.

"Uliusikia?"

"Labda mashine—"

"Verlin."

Theluji iliyoyeyuka ilitiririka kwenye kioo. "Niliufuta," akasema.

"Na Bloomfield?"

"Na Bloomfield pia."

"Kwa nini? Nimekukosea nini mimi?"

Alitafuta uongo wa heshima, akaukosa. "Nilikuonea wivu. Naingia humo najihisi mjinga, halafu nakuona wewe unang'ara. Nilikuleta unisindikize, Twyla. Hukuja kunipita."

Twyla aligeuka akamtazama vizuri, kama mtu anayesoma swali mara ya pili. "Miaka ishirini na tisa nimekushangilia," akasema. "Watu wakisema Verlin hana mfano, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuitikia. Hata siku moja sikusema, na mimi je? Nikapata kitu changu kimoja, wiki kumi tu, ukashindwa kunivumilia. Na dada yako nimemkumbatia, nikamshukuru kwa siku nzuri!"

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniulize leo."

Aliwasha injini. Alhamisi alimpeleka chuoni kama kawaida, kwa sababu mgongo wa Verlin haukustahimili usukani mwendo mrefu, lakini darasani alipita meza yao ya nyuma na kwenda kukaa mbele, karibu na Soledad. Kiti cha pembeni kikabaki kitupu. Watu waliona, wala hakuna aliyeuliza. Na Verlin, aliyekuwa akiona gere kila Twyla alipozungukwa na watu, sasa aliona gere hata kwa Soledad kwa sababu ya kiti tu.

Wiki moja alivumilia. Ya pili akaenda ofisini kwa Okerlund. Alivua kofia.

"Ule ujumbe niliufuta mimi. Mke wangu hakuwahi kuusikia. Sitaki umwone ni mtu asiyetimiza neno."

Okerlund aliifunika ile kalamu yake ya wino wa kijani. Verlin alitamani amtukane, iishe. "Usiniambie mimi," mwalimu alisema mwishowe. "Aliyelifuta jina lake ni Bi Brandvold. Yuko ghorofa ya pili."

Ngazi zilikuwa ishirini na sita na kila moja mgongo wake uliihesabu. Bi Brandvold, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alikuwa mlangoni akizungumza na wanafunzi watatu kwenye foleni. "Sema tu, bwana, nina haraka," akamwambia. Basi Verlin akalisema mbele yao wote: kwamba mkewe ana akili kuliko yeye, kwamba aliona kijicho, kwamba alifuta ujumbe na kumficha kwa dada yake. Mwanafunzi mmoja aliguna. Mwingine alisema kwa sauti ya chini, "Lo, mzee!" Uso ulimwaka hadi masikioni.

"Nafasi imeshachukuliwa," Bi Brandvold alisema.

"Najua. Sikuja kuiomba. Nimekuja kusema ni mimi."

Yule mama alimtazama juu ya miwani. "Mwambie mkeo aje anione yeye mwenyewe. Wewe usije naye."

Twyla alikwenda. Alirudi na zamu ya Jumatatu peke yake, siku ambayo yule mwingine hakuitaka. Alimwambia Verlin habari hizo akiwa anakata vitunguu, mgongo amempa.

"Hukupaswa kuwaambia watu kwenye foleni," akasema.

"Aliniambia niseme."

"Eti ulisema nina akili kuliko wewe?"

"Nilisema."

Twyla aliendelea kukata. Vitunguu vilipokwisha akasema, "Lete viazi." Verlin akavileta, na huo ndio ulikuwa msamaha wake wa kwanza. Mingine ilikuja kwa vipande vidogo vidogo, na mwingine haukuja hadi majira ya kuchipua.

Mtihani wa mwisho Verlin alipata sitini na tano. Ilihitajika sabini. Mwezi wa Januari Twyla aliingia kozi ya juu, na Verlin akarudia ileile, na mwalimu yuleyule. Jumatatu alikwenda kituoni, akaandika jina lake kwenye orodha chini ya majina ya watoto wa miaka kumi na tisa, akangoja. Zamu yake ilipofika Twyla hakumpendelea wala hakumwonea. Alimsahihishia alama ya kutoa mbele ya mabano mara nyingi kiasi kwamba wote wawili walikoma kuhesabu. Siku nyingine Verlin alimkuta akicheka na mwanafunzi mwingine kwa moyo wote, na kile kijiba kikamchokoza tena palepale mahali pake. Alijifunza kukaa nacho, penseli mkononi, mpaka aitwe.

Mwezi Mei akafaulu kwa alama sabini na tatu. Twyla alipata tisini na sita huko juu. Ijumaa hiyo walikwenda kula kambare wa kukaanga kwenye hoteli moja karibu na mto Des Moines. Mhudumu aliwaona wamevaa vizuri, akauliza wanasherehekea nini.

Verlin alishika kwanza glasi ya maji, akanywa, akaiweka.

"Mke wangu," akasema. "Amepata tisini na sita."

Yake mwenyewe hakuitaja. Ilimwuma kidogo kutoitaja, na Twyla aliliona hilo, akamsogezea bakuli la kabichi.

"Na huyu naye amefaulu," akamwambia mhudumu. "Tuletee na pai."