Wageni Waliokuja Kutafuta Simba

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kuuza vyondo, vile vikapu vya katani vya kusuka kwa mkono, pale Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Vyondo vilitoka kijijini kwetu, panapoitwa Kwa Vonza, kwa mama yangu na akina mama wenzake wa kanisani, waliosuka alasiri kazi za shamba zikiisha. Nilivipeleka Makindu kwa sababu mabasi yalisimama hapo, na wasafiri waliolala katika hekalu la Masingasinga walipenda kutembea kidogo asubuhi kabla ya kuendelea na safari.

Nilipenda kuwatazama watu wakiingia. Wengi walikuwa wananyoosha miguu tu. Walishika kiondo, wakakinusa, wakakirudisha, kisha wakaniuliza choo kiko wapi. Mara mojamoja aliingia mtu aliyekipindua kiondo na kutazama kitako chake. Huyo nilimwacha achukue muda wake, maana ndiye aliyenunua.

Mwishoni mwa miaka hiyo, mdogo wangu wa kiume aliyefanya kazi ya kompyuta Nairobi aliniambia ametufungulia duka lingine kwenye mtandao. Siku hizi watu husema tovuti. Sisi tulisema websaiti, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona hata moja. Alinieleza kwamba mtu akiwa Ulaya au Amerika angeweza kuingia, aone picha za vyondo, na atuandikie. Chini ya ukurasa aliweka namba iliyojiongeza kila mgeni alipoingia. Kila Jumamosi alipiga simu kwenye duka la jirani, nikaitwa, naye akanisomea namba imefika wapi. Ilikuwa ikipanda vizuri sana. Lakini hakuna aliyenunua.

Nilipoenda Kwa Vonza nilimpa mama habari hiyo. Akaniuliza hao watu wakiingia wanasema nini. Nikamwambia hawasemi kitu, wanaingia na kutoka.

"Sasa walikuwa wanatafuta nini?" akauliza.

Swali hilo lilinikaa kichwani mpaka nikawa namtazama kila anayeingia kibandani nikijiuliza alikuwa anawaza nini kabla ya kusimama mlangoni. Mwishowe nilifunga kibanda nikaenda Nairobi nijionee.

Mdogo wangu alinipokea ofisini kwao jioni, wenzake walipokuwa wameshatoka kazini. Ukurasa ulifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa masikio ya simba. Kisha yakaja macho, kisha simba mzima, amelala kwenye nyasi. Chini yake palikuwa na twiga. Vyondo vya mama vilikuwa chini kabisa, vidogo hata sikuweza kutambua ni mkono wa nani uliovisuka.

Nikamuuliza simba ametoka wapi. Akasema wageni wanapenda simba. Nikamuuliza kama kuna mgeni yeyote aliyewahi kutuandikia. Akanifungulia barua pepe ambazo hakuwa amenitajia. Mmoja alitaka kujua ni mwezi gani simba huonekana kwa urahisi. Mwingine aliomba tumtafutie dereva. Mtoto mmoja alikuwa na kazi ya shule, akauliza simba ana uzito gani.

"Huyo mtoto ulimjibu?"

"Nilimjibu, dada. Nilitafuta kwenye kitabu."

Nikamwomba anionyeshe watu wanatufikiaje. Akaniambia kuna mahali mtu anaandika neno, na kompyuta inamletea kurasa zenye neno hilo. Nikamwambia aandike kiondo. Tukasubiri. Hatukuwemo. Tuliporudi kwenye ukurasa wetu tukaona kwamba kiondo kilitajwa mara moja tu, hali simba alikuwa katika kila aya. Tukajaribu kwa Kiingereza maneno mengine: kikapu cha katani, kusokota uzi kwa mkono, rangi ya magome ya miti. Kila mara zilitokea kurasa za watu wengine, nami nikamwomba azifungue.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe. Walikuwepo watu, wengi wao katika nchi za baridi, walioandikiana kuhusu nyuzi na rangi tu. Walibishana juu ya namna ya kumaliza ukingo wa kikapu. Nilisoma mpaka macho yakauma.

"Hawa ndio nataka waingie kwetu," nikamwambia.

Akasema hao ni wachache mno. Nikamwambia hata kibandani wanaopindua kiondo ni wachache.

Nilirudi kwa mama na maswali ambayo sikuwahi kumuuliza, ingawa nilikua nikimwona akisuka. Majani ya katani anayaparua vipi? Gome gani linatoa rangi ya kahawia? Kwa nini kitako kinaanzwa vile? Alinijibu huku akinitazama kwa mashaka, kisha akataka kujua ni nani atakayesoma mambo hayo. Nikamwambia ni watu wanaosuka.

"Kama anajua kusuka, kwa nini anunue changu?"

"Sijui, Mwaitu. Hata mimi nataka kujua," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Mdogo wangu akamwondoa simba, akaweka picha kubwa ya kitako cha kiondo na maelezo ya mama. Namba ikapungua kasi, ikawa inasogea kwa shida, na kwenye simu za Jumamosi akaacha kuitaja. Nilianza kuogopa kwamba nilikuwa nimemharibia kazi yake.

Kisha akaandika mwanamke mmoja kutoka Skotlandi, mwalimu wa kusuka. Alikuwa na swali moja: mama akisokota uzi pajani, mkono unaanza kwenda gotini au unaanza kurudi tumboni?

Mama hakujua. Ilibidi aweke nyuzi mbili pajani, asokote, na autazame mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Mkono ulianza kwenda gotini, kila uzi ukijisokota peke yake; uliporudi, nyuzi zikazungukana zikawa moja. Tukamjibu hivyo. Akauliza maswali mengine, tukajibu. Kisha akaagiza vyondo vya wanafunzi wake, na baadhi ya wanafunzi wakaagiza vya rafiki zao. Biashara hiyo haikuwahi kuwa kubwa. Lakini wengi walioandika walinunua, na walionunua waliandika tena, hadi mdogo wangu alipobadilisha kazi miaka kadhaa baadaye na ukurasa ukafungwa.

Mwalimu yule alikuja kututembelea mwaka mmoja baada ya barua yake ya kwanza. Nilimpeleka Kwa Vonza, nikakaa katikati yao nikitafsiri. Mama alimuuliza lile swali lake, kwa nini mtu anayesuka anunue. Mgeni akaona haya. Akasema kiondo cha kwanza alikifumua chote mpaka kitakoni ili aone njia ya uzi, na hakuweza kukirudisha kilivyokuwa, ikabidi anunue kingine. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Baadaye mgeni akasema kwao anafuga kondoo kwa ajili ya manyoya. Mama akaacha kusokota, akavuta kigoda chake karibu.

"Muulize," akaniambia, "akishamnyoa, anamfunika na nini?"