Farasi wa Mweka Hazina

Nilifungua akaunti ya kubashiri farasi kwa jina la mama yangu. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, pasipoti yake na uso wake. Uso wangu ungesema nina miaka kumi na sita, na kampuni za kamari za hapa Uingereza hazichukui watoto. Zinataka kwanza ukomae ndipo zikule vizuri. Programu ilidai picha ya mwenye akaunti akitazama kamera. Mama alikuwa ndiyo ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, viatu bado mguuni. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha mtaani kwetu Erdington aangalie hapa, najaribu kamera. Akakiweka sawa kitambaa cha kichwani, akatabasamu, halafu akaniomba ile picha amtumie dadake Nakuru. Nikampa. Kwa hivyo picha moja ilienda kwa mama mdogo na kwa wachezesha kamari, na wote wawili wakasema amependeza.

Kadi niliyotumia ilikuwa ya chama. Ni wanawake Wakenya kumi na wanne, karibu wote wauguzi na watunza wazee. Kila mwezi wanachanga, mmoja anapokea kwa zamu, na kiasi kingine kinabaki akiba ya misiba, maana kusafirisha maiti hadi nyumbani si mchezo. Akaunti ilikuwa kwa jina la mama kwa sababu mama ndiye mweka hazina. Miaka tisa. Sheria yao ilikuwa moja tu: siku ya mwisho ya mwezi, mweka hazina anapiga picha taarifa ya benki, mstari kwa mstari, anaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyekuwa anasoma. Walijibu "Amina" na vile vijimikono vya maombi. Na kwa kuwa mama aliogopa programu ya benki kama nyoka, kazi ya kupiga hizo picha ilikuwa yangu.

Sasa, somo kwa wanaoanza, kwa vile mimi karo nimeshalipa. Farasi akiandikwa tano kwa moja, maana yake ukiweka pauni moja na ashinde, unapewa tano na ile yako inarudi. Namba ikiwa kubwa usishangilie. Ni njia ya adabu ya kukuambia huyo hafiki. Ikiwa ndogo, huyo ni kipenzi cha wengi, na hata akishinda utapata hela ya soda. Kuna dau la pande mbili: nusu ya pesa inasema atashinda, nusu inasema hata akiingia wa pili au wa tatu ni sawa tu. Hilo ni dau la watu wanaotaka kutenda dhambi huku wamekaa karibu na mlango. Na uangalie uwanja. Mvua ikinyesha, na hapa hunyesha, kuna farasi wanaopenda matope na kuna wanaokimbia kama wamevaa viatu vya kuazima.

Haya niliyajua baadaye. Siku ya kwanza nilichagua farasi kwa sababu mpandaji alivaa kijani na nyekundu, nikaona ni kama bendera yetu. Uzalendo ulinigharimu pauni kumi. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa ameanguka.

Rafiki yangu wa shuleni ni Mzanzibari wa mtaa wa Saltley. Babake anauza vitambaa Alum Rock Road. Saa ya chakula tulikaa nyuma ya maktaba, simu katikati yetu.

"Kamari haramu. Mimi mkono wangu sitii," akasema.

"Basi fumba macho."

"Kutazama si haramu. Huyo namba nne mwone, anatoka jasho na hata hajakimbia. Atachoka huyo."

"Si sasa unanipa ushauri?"

"Nakupa maoni. Wewe ukiyafanya kamari, shauri yako na Mola wako."

Maoni yake yalikuwa na nguvu kuliko sala zangu. Wiki mbili nilizocheza kwa akili yangu nilipoteza hadi nikaanza kuota nimesimama mbele ya kanisa nikichangisha. Ya tatu nikamsikiliza yeye. Jumamosi ya mwisho akanionyesha farasi mmoja mzee, kumi kwa moja, siku ya matope. "Huyu kazaliwa bwawani," akasema. Nikamwekea. Alikuja mbele peke yake, tope hadi masikioni, na mimi nikapiga kelele chumbani hadi mama akauliza kutoka chini kuna nini. Nikasema hesabu zimenitoka vizuri.

Na zilitoka. Nilirudisha kila kitu kwenye akaunti ya chama, na pauni nne juu. Nilijiona mtu mwaminifu, kweli kabisa. Mwizi gani, nilijiambia, anayerudisha na kuongeza?

Shida ilikuwa moja ndogo. Kila dau na kila ushindi uliacha mstari wake kwenye taarifa ya benki, na jina la kampuni ya kamari kwa herufi kubwa. Sikujali. Mwisho wa mwezi ningepiga picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, wa katikati niuruke. Nani angeuulizia?

Siku hiyo mama alinipigia simu akiwa kwenye mapumziko ya kazini, anacheka. Mwenzake wa zamu alikuwa amekaa naye akamfundisha ile programu.

"Nimetuma mwenyewe! Kurasa zote tatu! Wewe huna kazi tena, nimekufuta."

"Umezisoma?"

"Nizisome za nini? Kwani sijui kilichomo?"

Kwenye kundi hakukuwa na kijimkono hata kimoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, wanawake wale walikuwa wanasoma. Jioni mwenyekiti akaandika: "Dadangu mweka hazina, tukutane kwangu Jumapili baada ya ibada. Wote."

Mama alikaa mezani na sare ya zamu bado mwilini, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Akaniuliza hii ni nini. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema labda ni wadukuzi, siku hizi wako kila mahali, hata hospitali wanazidukua. Aliniamini. Alishusha pumzi kabisa, akanishika kichwa.

"Basi Jumapili utakuja uwaeleze," akasema. "Wewe unajua lugha ya hao wadukuzi."

Mwenyekiti anakaa Winson Green, mtaa wa nyumba zilizoshikana, ukuta wa jela unauona kutoka dirisha la jikoni. Kwa kawaida ningekuwa na utani juu ya hilo kabla sijavua koti. Mimi ndiye kichekesho cha chama, wale kina mama huniita nikiwa mlangoni, "Kuja hapa utuchekeshe." Siku hiyo hakuna aliyeniita. Kila mmoja alileta sufuria yake kama kawaida, wakapakua pilau, wakapakua kuku. Chapati za mama zilibaki zimefunikwa vile vile.

Mama alisimama akasema ni wadukuzi.

"Dadangu," mwenyekiti akasema taratibu, "wadukuzi wa wapi hao wanaiba, halafu wanarudisha, halafu wanaongeza pauni nne?"

Mmoja aliguna. Mwingine, muuguzi ambaye mama alimpikia siku arobaini alipojifungua, alisema hakutaka kuongea lakini alipigia ile kampuni, wakamwambia hawawezi kutoa habari za mteja, ila hawafungui akaunti bila pasipoti na picha ya mwenyewe akiwa hai. "Sasa wewe tuambie, mdukuzi alikuomba utabasamu?"

Mama akanigeukia. "Waeleze, baba."

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye nilicheza."

Wakacheka. Si kicheko cha kufurahi, lakini walicheka. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Mwangalie. Anamfunika mamake. Keti, mwanangu, leo si siku ya vichekesho."

"Naapa ni mimi! Nilimpiga picha nikamdanganya!"

"Na pasipoti nayo uliichekesha ikafunguka?" muuguzi akasema, na wakacheka tena.

Nilimtazama mama nikitaka anisaidie kuwaaminisha. Nikaona amekumbuka. Niliona siku ile ya viatu na kitambaa ikipita usoni mwake, taratibu, hadi mwisho. Hakunitazama tena.

"Kaa chini," akaniambia. Halafu akawageukia wenzake. "Ni mimi. Mwacheni mtoto."

Alifungua mkoba, akatoa ile kadi, akaiweka mezani kati ya sahani, akawaandikia namba ya siri kwenye kikaratasi. Mwenyekiti aliomba tusali. Tukasali. Aliyeongoza sala alimwombea mama ashinde kishawishi, na mama akasema "Amina" kwa sauti, kama wengine.

Kwenye basi alikaa dirishani, sufuria ya chapati mapajani. Nilimwambia nitawaandikia barua, nitaenda nyumba kwa nyumba, nitampelekea mwenyekiti simu yangu aone kila kitu. Niliongea vituo vitano bila kupumua. Nilipomaliza, aliiweka sawa sufuria mapajani. Kisha akasema:

"Miaka tisa wale wamama wananiachia mikoba yao wakienda choo. Hakuna aliyewahi kugeuka nyuma. Leo yule wa kando yangu, alipoinuka kuongeza chai, alienda na mkoba wake. Uliona? Basi hiyo ndiyo umeshinda."